Mama mkwe ananimwagilia sakulenti zangu kila asubuhi na zinakufa, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitoe jina langu maana wifi zangu wanasoma sana safu yako na ikijulikana ni mimi basi nimekwisha. Najua watu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na hela na mi nakuja na habari za maua, utanicheka, lakini nisome mpaka mwisho kwa sababu jambo hili limenifikisha pabaya.

Nimeolewa, nina mtoto mmoja ndo kwanza anatambaa, na kazi yangu naifanya hapa hapa nyumbani kwenye kompyuta. Toka nijifungue nimekuwa mtu wa ndani tu, mtoto, kazi, nguo, mtoto, kazi. Ndo nikaanza kupenda sakulenti, si unazijua, ile mimea midogo yenye majani manene yaliyojaa maji. Nilikutana nazo kwenye vidio moja, nikasoma soma, wote wanasema hizi ndo rahisi kwa anayeanza, hazina kazi. Nikanunua moja, nikaongeza nyingine, sasa hivi nina vyungu kama kumi na kitu. Nimezipanga kwenye shelfu sebuleni pembeni ya tivii, na vyungu nilichagua vizuri, vingine vya kioo unaona mpaka vikokoto vya rangi nilivyotandika chini, vingine vya kauri nyeupe. Shangazi, kile kishelfu ndo kitu changu peke yangu kwenye nyumba hii. Jioni nikifunga kompyuta nasimama pale na kichupa cha kupulizia nazipa maji kidogo kidogo, roho inatulia.

Sasa mama mkwe alikuja kukaa na sisi. Ni mama mzuri jamani, usimwelewe vibaya, mtoto anamshika, ananiuliza kama nimekula. Huko kwake alikuwa na shamba, amelima maisha yake yote, miguu ilipoanza kumsumbua mume wangu na ndugu zake wakaamua aje huku. Huku kwetu hamna hata kiuwanja cha kupanda kitu. Basi mama akaziona sakulenti. Kila asubuhi kabla sijatoka chumbani ameshapita na kikombe chake, chungu kimoja baada ya kingine, na anaongea nazo kabisa. Nikamwambia kwa heshima, mama hizi hazitaki maji mengi. Akacheka. Akasema mwanangu mi nimelima kabla mumeo hajazaliwa, hakuna mmea usiotaka maji, hebu ona hii ilivyokunjamana, si kiu hii? Na kweli ile hawothia aliyonionyesha, nayo ni aina ya sakulenti, ilikuwa imekunjamana, nikakosa la kujibu.

Ikawa zinakufa moja moja. Echeveria yangu ya kwanza, ile sakulenti ya majani yaliyopangana kama waridi, majani ya chini yalikuwa ya njano, laini, yanaangaza mpaka ndani, ukiligusa jani linadondoka. Nyingine shina limekuwa jeusi pale linapoingia kwenye udongo, nayo bado ipo ipo tu. Hawothia inazidi kusinyaa. Kuna moja ndo inaendelea vizuri, imerefuka haraka sana mpaka nimeiegemeza ukutani. Na kuna krasula, ile ya majani ya mviringo yanayong'aa, ilikosa nafasi kwenye shelfu nikaiweka dirishani jikoni kwenye chungu cha udongo nilichokikuta tu humu ndani. Hiyo mama anaimwagilia vile vile na wala haijali, inanenepa tu, nadhani yenyewe ni ngumu kuliko wenzake.

Nikamwomba mume wangu aongee na mama yake. Jibu lake, "kwa hiyo nimwambie mama yangu asishike maua?" Na siku moja nikamsikia mama kwenye simu na wifi yangu mkubwa anamwambia, mi huku nimekaa tu, hata maua ukiyagusa wenyewe wananuna. Shangazi nililia. Mimi sijawahi kumnunia yule mama hata siku moja.

Nimewaza mengi. Nizihamishie chumbani kwetu nifunge mlango, ila mume wangu anasema mimea ikilala na watu inamaliza hewa usiku, na mama atajua tu nimemkimbiza. Ninunue za plastiki nimwachie hizo amwagilie. Nizigawe zote tupumzike. Au nimwambie mara moja kwa ukali yaishe. Kila njia naona kuna kitu nitakipoteza, ama mama ama hiki kidogo nilicho nacho.

Nifanyeje?

Ni mimi, Mke wa Mwanae

N.B. Mtoto sasa anashika kila kitu anapeleka mdomoni. Kuna mmea mmoja pale ukivunjika unatoa maziwa meupe. Una madhara?

---

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Sikucheki hata kidogo, na nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu mara ya kwanza niliona maua, mara ya pili nikaona watu wawili wanawake wamefungiwa nyumba moja kila mmoja anatafuta kitu cha kushika ambacho ni chake. We umekipata kwenye shelfu. Yeye amekikuta kwenye shelfu hilo hilo. Nikikuelewa vizuri unachouliza ni hiki, utamzuiaje mama asimwagilie bila kumuumiza na bila kuonekana mkwe mwenye gubu. Ni swali zuri, ila nina wasiwasi kidogo nalo, maana ndani yake kuna jibu tayari, kwamba anayeua mimea ni mama. Kabla hatujafika kwa mama, tukae kwanza na hizo sakulenti maana umenipa ushahidi mwingi kuliko unavyodhani.

Anza na krasula. Mwagiliaji ni yule yule, kikombe kile kile, kila asubuhi, na hiyo inanenepa. Unasema ni ngumu kuliko wenzake, inawezekana, krasula ni mvumilivu kweli. Lakini angalia inapokaa. Iko dirishani, inapata mwanga. Na iko kwenye chungu cha udongo wa kuchoma, ambacho maji yanapenya mpaka kwenye kuta zake na kukaukia nje, na kwa kawaida vyungu vile vina tundu chini (hebu kageuze ukaone). Sasa linganisha na wale wa shelfu. Vyungu vya kioo na kauri, ambavyo kwa maelezo yako nahisi havina tundu maana mwenye tundu hahangaiki kutandika vikokoto. Hapo mwanangu hata mwagiliaji awe nani, maji yakishaingia hayana pa kwenda, ni kumvalisha mtu buti zenye maji ukamwambia alale nazo.

Na vile vikokoto, sijui nani alianzisha hii habari lakini iko kila mahali, havisaidii. Watu wanadhani maji yatashuka yakae kwenye kokoto mizizi ibaki pakavu. Haiendi hivyo. Udongo laini unashikilia maji, hauyaachii yashuke kwenye kokoto mpaka wenyewe uwe umelowa chapachapa, kwa hiyo ile tabaka ya udongo iliyoloana inapanda tu juu zaidi, karibu na mizizi. Umepunguza nafasi ya udongo mkavu badala ya kuiongeza.

Alafu mwanga. Pembeni ya tivii ni mbali na dirisha kiasi gani? Macho yetu yanazoea giza la ndani tunaona panang'aa, mmea haudanganyiki. Jaribu hivi, mchana saa sita weka mkono wako juu ya shelfu uangalie kivuli. Kikiwa na kingo kali, zinaonekana vidole vizuri, mwanga upo. Kikiwa ni ukungu tu au hakuna kivuli kabisa, hapo echeveria haiwezi kukaa, ile ni mimea ya jua kali, inataka kama masaa 6 ya mwanga mzuri kwa siku. Na ile unayosema inaendelea vizuri imerefuka mpaka imeegemea ukuta, samahani kwa habari hii, ile haijakua, inatafuta mwanga. Utaona nafasi kati ya jani na jani imekuwa kubwa na rangi imepauka. Shina lililorefuka hivyo halirudi kuwa fupi, ila unaweza kukata kichwa chake, ukakiacha kikauke kidonda siku 3 mpaka 5, ukakipanda upya penye mwanga, na kile kisiki kikibaki na majani kidogo kwa kawaida kinachipua tena.

Mwanga na maji ni jambo moja, hapa ndo wengi wanaoanza wanapochanganyikiwa. Mmea ukiwa gizani unatumia maji taratibu sana, kwa hiyo kikombe ambacho dirishani kingekauka kwa siku chache, pale kwenye shelfu kinakaa muda mrefu na kesho asubuhi kinaongezwa kingine. Ndo maana hata mtu akikupa ratiba, mara moja kwa wiki sijui mara mbili kwa mwezi, usiishike kama sheria. Chukua kijiti kikavu, kichomeke mpaka chini kabisa ya chungu, kitoe. Kikitoka na udongo umekishika, bado. Kikitoka kikavu ndo unamwagilia, na ukimwagilia unamwagilia kweli, mpaka maji yatoke chini, unaacha yachuruzike, unasahau tena. Huko zilikotoka nyingi zinaishi hivyo, mvua ikija inakuja, afu ukame mrefu.

Kwa hiyo na kile kichupa chako cha kupulizia, naomba tukizungumze bila kukasirikiana. Kinalowesha majani na ngozi ya juu ya udongo tu, mizizi ya chini haipati kitu, na maji yanayotuama katikati ya majani ya echeveria yanaweza kuozesha moyo wake. Sikwambii uache kusimama pale jioni, simama, ila hizo jioni unaweza ukageuza vyungu, ukatoa majani yaliyokauka chini, ukatumia brashi laini kupangusa vumbi. Ule unga mweupe kwenye majani ya baadhi ya echeveria usiupanguse, ni kinga yake ya jua na maji na ukitoka kwenye jani haurudi.

Sasa hawothia, maana hii ndo iliyokunyamazisha mbele ya mama. Mikunjo kweli ni dalili ya kiu. Lakini mmea unaweza kuwa na kiu na huku umekaa kwenye maji, kwa sababu mizizi imeoza haina uwezo wa kunywa. Mama anaona mikunjo anaongeza maji, mizizi inazidi kuoza, mikunjo inazidi, anaongeza tena. Unaona? Mama hakukosea kusoma dalili, ameisoma kwa macho ya mkulima na huko shambani ingekuwa sahihi. Njia ya kujua ni moja tu, itoe kwenye chungu uangalie. Mizizi hai ni migumu kidogo na ina rangi ya kueleweka, nyeupe au ya manjano. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, laini, ukiivuta inachunika inabaki uzi, na mara nyingi inanuka. Ukikuta imeoza ikate yote, acha mmea ukae nje ya udongo siku kadhaa penye hewa na kivuli, kisha uupande kwenye udongo wa kuchuruza. Udongo wa kawaida wa maua peke yake haufai, changanya nusu kwa nusu na mchanga mnene wa chenga chenga au perlaiti (vile vichenga vyeupe vyepesi vya kuchanganya na udongo) au vijiwe vyepesi vya volkano. Mchanga laini hapana, unaziba. Wa baharini ndo kabisa usiuguse, una chumvi.

Na ile ya shina jeusi usiisubirie mjadala wa familia. Pangusa kisu kwa spiriti, kata juu ya weusi, angalia pale ulipokata, ukiona duara la kahawia ndani kata tena juu zaidi mpaka upate nyama safi. Ikibaki hata kichwa tu kinatosha kuanza upya.

Haya. Sasa mama.

Unasema sijawahi kumnunia, na mi nakuamini. Lakini mama ameona kitu, na huenda alichokiona ni kwamba akisogelea shelfu wewe uso unabadilika, unatoka chumbani unaangalia vyungu kabla hujamwamkia. Sijui, sikuwepo. Nakuuliza tu, maana kununa mwenye nao mara nyingi hajioni. Na kwenye yale maneno ya simu, wewe umeshika neno kununa, mi nimeshika neno la mbele yake, "huku nimekaa tu." Mtu aliyelima maisha yake yote akaambiwa na wanae aje akae. Akae afanye nini? Na kwenye barua yako nimetafuta sehemu inayosema kama yeye aliulizwa anataka kuja, sijaiona. Inawezekana aliulizwa. Inawezekana maua yako ndo kitu pekee ndani ya hiyo nyumba kinachomhitaji yeye asubuhi, hata kama kwa bahati mbaya hakimhitaji kwa kiasi kile.

Tuzipitie njia zako. Kumtuma mume umeshajaribu, na jibu lake halikuwa zuri, ila nadhani alichokisikia yeye ni kwamba anatumwa kugombeza. Ukimwomba kitu kingine, mfano akae na mama amuulize siku zake zinaendaje huku, pengine atakubali bila hata maua kutajwa. Hatari yake ni kwamba mama atahisi umeshtaki, hasa mazungumzo yakianza ghafla.

Kuhamishia chumbani. Hiyo hofu ya hewa mwambie mumeo aiache, mmea wa kwenye chungu unatumia hewa ndogo sana usiku, anayelala ubavuni mwake anatumia nyingi zaidi. Tena nyingi ya hizi sakulenti zina utaratibu wake wa ajabu, vitundu vya kupumulia vya majani zinafungua usiku wakati kuna ubaridi ili zisipoteze maji, zinavuta hewa ya ukaa zinaihifadhi, mchana zinaitumia na jua huku zimefunga. Kwa hiyo kwa upande wa hewa, chumbani hakuna neno. Swali ni mwanga, chumba chenu kina dirisha zuri? Na swali kubwa kuliko hilo umelijibu mwenyewe, mama atajua. Mlango uliofungwa kwa ajili ya vyungu, na yeye yuko upande wa nje, sidhani kama una maelezo ya kutosha. Labda mbili tatu tu unazozipenda sana, zikiwa zimehama kufuata dirisha na siyo kumkimbia mtu, hapo sawa inaweza kueleweka. Ukizihamishia juani zizoeshe taratibu, wiki moja au mbili, ukizitoa gizani ukazitupa kwenye jua kali zinaungua na lile doa halifutiki.

Za plastiki, hapana mwanangu naomba nikutanie kidogo hapa, mkulima wa miaka yote hiyo atashika jani mara moja tu. Siku atakapojua umemwachia plastiki amwagilie, utaomba irudi ile kesi ya kununa.

Kuzigawa zote kunawezekana, na kuna watu kweli wangepumzika. Ila ulivyoandika kuhusu kile kishelfu sina hakika kama wewe ni mmoja wao. Kitu mtu anachokiacha kwa ajili ya amani wakati mwingine anakuja kukidai baadaye kwa njia nyingine. Maneno makali nayo, ni haraka, na labda maji yangesimama kesho yake. Utabaki na shelfu kavu na mama aliyekaa kwenye kochi kimya, hapo sasa ndo utajua kama ulikuwa unataka hivyo.

Kuna nyingine hukuzitaja, nakupa uzipime. Moja ni kubadilisha vyungu kabla ya kumgusa mtu, vyungu vyenye tundu, udongo wa kuchuruza, shelfu lisogee dirishani. Ukifanya hivyo tu, hata mama akiendelea na kikombe chake, madhara yanapungua sana. Hayaishi, kila siku ni kila siku na hata krasula ina mwisho wa uvumilivu, lakini unapata muda wa kuongea taratibu bila mmea kufa kila wiki. Hasara yake ni hela ya vyungu na vile vya kioo kubaki mapambo matupu, najua vinakuuma.

Nyingine ni kumuuliza badala ya kumwambia. Ulimwelezea kwamba hizi hazitaki maji mengi, akasikia kwamba hajui kulima. Vipi ukichukua krasula na ile iliyooza ukamwekea mbele, mama hebu nisaidie, hii imependa hii imekufa, unaonaje? Mtu wa shamba anajua vizuri shamba linalotuamisha maji linafanya nini kwa mazao, anajua udongo wa mfinyanzi na wa kichanga kuliko mimi na wewe. Mwachie atoe mizizi mwenyewe, ainuse. Huenda akafika pale pale ulipotaka afike, kwa miguu yake. Huenda pia asifike, akasema imekufa kwa sababu chungu ni kibaya, na atakuwa amesema kweli.

Na kuna mikono yake. Jani zima la echeveria likichomolewa vizuri mpaka mwisho wake, likaachwa siku mbili tatu likauke pale lilipotoka, likalazwa juu ya udongo, baada ya wiki chache linatoa mizizi na kimmea kidogo. Siyo yote yanakubali. Kwa mtu aliyepanda vipando maisha yake yote hiyo kazi anaweza kuifanya kuliko wewe, na anaweza kuipenda. Au chungu chake mwenyewe, mmea wake, alioutaka yeye, unaopenda maji kweli. Makangaga yanapenda unyevu. Na kuna jamii ya mafunjo madogo ya chunguni ambayo yanakaa na miguu ndani ya maji muda wote, hayo kikombe kila asubuhi ni haki yake. Ila muulize anataka nini, usimletee tu, maana ukimletea bila kumuuliza inaweza kuonekana umempa mtoto kitu cha kuchezea ili asiguse vya wakubwa. Na ujiandae, akianza anaweza akataka dirisha zima la jikoni. Utamwachia? Hilo mi siwezi kukujibia, we ndo unajua kishelfu kile kinakutosha kiasi gani, na kama kikiwa cha watu wawili bado kitakuwa chako.

Kuhusu mtoto, hapa ndo sitaki tubahatishe. Huo mmea unaotoa maziwa karibu kwa hakika ni jamii ya yuforbia, na yale maziwa yanaunguza ngozi, mdomo, na machoni ni hatari kweli. Utoe anapofika mtoto leo hii, ukiushika vaa glavu, na mweleze mama naye asiuvunje kwa mikono mitupu. Yakiingia jichoni ni kuosha kwa maji mengi safi papo hapo na kwenda hospitali. Kama unayo kalankoe, sakulenti nyingine ya vishada vya maua madogo, nayo ipandishe juu, ina sumu inayogusa moyo ikiliwa. Krasula inaweza kuvuruga tumbo. Mshubiri, ule utomvu wake wa njano chini ya ganda unaharisha. Echeveria na hawothia hazina sifa ya sumu, lakini bado siyo vitu vya kutafunwa. Na vile vikokoto vya rangi ulivyotandika chini, kwa mtoto anayetambaa na kupeleka kila kitu mdomoni mi naviogopa kuliko nusu ya mimea yenyewe, vinaweza kumkaba kooni kabisa. Siku ukimwaga vile vyungu kubadilisha udongo, vikokoto vihesabu na kuvitoa ndani kabisa, usiviweke hata kwenye bakuli mezani.